MWIBA, MIBA, TUMIBA: neno tulilolifuta kwa wino mwekundu



Mara nyingi mu vijitabu sawa hiki watu wanaandika juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina tunayowapa watoto. Sisi tumechagua kuandika juu ya neno moja tu, tena neno dogo. Hatukulichagua kwa sababu ni zuri. Tumelichagua kwa sababu tulilikosea, na kosa lenyewe lilitufundisha kitu.

Habari ni hii. Miaka michache iliyopita, kwa siku ya utamaduni shuleni, tuliomba wanafunzi wa mwaka wa pili waandike insha kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa kama kila siku. Kichwa kilikuwa "Siku moja ya likizo". Mtoto mmoja akaandika kwamba mu likizo alikuwa akienda mtoni pamoja na wakubwa wake kuosha mawe ya madini. Kisha akaandika sentensi hii: "Kama natoka mu mayi, miguu inanifanya tumiba-tumiba mpaka mangaribi." Sisi tukakamata kalamu nyekundu. Tukafuta "mu mayi", tukaandika "majini". Tukafuta "tumiba-tumiba", tukaandika pembeni: "ganzi". Tukamkata pointi mbili.

Nyuma ya masomo mtoto akatufuata na karatasi yake mkononi. "Mwalimu, ganzi njo nini?" Tukamweleza vizuri, na mfano: ukikalia mguu wako kwa muda mrefu, unakufa ganzi, hausikii kitu tena. Akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Haikufi. Njo inaamuka."

Tulimwambia aende nyumbani, saa imepita. Lakini jibu lile lilibaki ndani yetu. Usiku tukafungua kamusi kusudi tuone nani alikuwa na haki, mwalimu au mwanafunzi. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyaona.

Kamusi zinasema nini

Kamusi za Kiswahili hazikukosa. Padri Charles Sacleux, aliyeishi miaka mingi pwani, alitoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa kuanzia 1939. Mwaka ule ule wa 1939 ilitoka kamusi inayoitwa ya Johnson, ya Kiswahili na Kiingereza. Mu 1981 chuo cha uchunguzi wa Kiswahili cha Dar es Salaam, TUKI, kilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na chapa yake ya pili ikafuata mu 2004. Kwa sisi tunaosoma Kifaransa kuna pia kamusi ya Alphonse Lenselaer, iliyochapwa Paris mu 1983. Na mu 2015 Baraza la Kiswahili la Tanzania, BAKITA, likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili.

Juu ya neno "mwiba" mapokeo haya ya kamusi ni yenye kusikilizana. Mwiba ni kitu chembamba chenye ncha kali kinachochoma. Kuna mwiba wa mti, kuna mwiba wa samaki, kuna mwiba wa nyuki. Wingi wake mu vitabu ni "miiba", lakini mu kinywa cha watu wengi ni "miba", na huku kwetu hatujasikia mtu akisema "miiba" isipokuwa anasoma Biblia kwa sauti.

Mwiba mdogo, watu wa pwani wanauita "kijiba". Neno limetengenezwa sawasawa na mengine tunayoyajua: mti na kijiti, mto na kijito, mwiko na kijiko. Lakini "kijiba" siku hizi halisemwi sana juu ya mti. Linasemwa juu ya moyo. Mtu mwenye "kijiba cha roho" ni mtu wa wivu, asiyependa mwenzake apate. Ni kusema mwiba mdogo umetoka mu mguu, umepanda, umekaa ndani ya kifua.

Kwa upande wa mwili unaosikia kitu kikitembea ndani ya ngozi, pwani wana maneno mengine. Kuna "ganzi", ndiyo ile tuliyoandika pembeni. Kuna "mnyeo", la kuwashwa na kutekenywa. Kuna "mchonyoto", kama chumvi ikiingia mu kidonda. Na kuna "kusisimka", wakati mwili unasikia kitu kidogo-kidogo kikitembea, kwa baridi, kwa woga ao kwa furaha.

Hapa tulipata aibu ya kwanza. Kama ilikuwa lazima kumsahihisha mtoto kwa Kiswahili cha vitabu, neno la kuandika pembeni lilikuwa "inasisimka", wala si "ganzi". Kalamu nyekundu ilikosa hata kwa sheria zake yenyewe. Tulikuwa tumekamata neno la kwanza lililotujia, kwa sababu lilikuwa neno la kitabu na la mtoto lilikuwa neno la barabarani.

Lakini tuna lawama moja kwa kamusi pia. Zimeweka kitu mu sanduku moja, na kusikia mu sanduku lingine. Mwiba huku, msisimko kule. Hazikutuonyesha kwamba mtu anaweza kulitumia jina la kile kinachochoma kwa kutaja namna anavyosikia, hata kama mu ngozi hakuna kitu kilichoingia. Mtoto wetu alifanya hivyo pasipo kufundishwa na mtu.

"Tumiba" linatoka wapi

Kiswahili cha Kolwezi hakikuanguka toka mbinguni. Mbele ya wazungu, wafanya biashara wa mashariki walikuwa wakifika kwa mwami Msiri kule Bunkeya, na Wayeke wenyewe walitoka upande wa Unyamwezi. Msiri aliuawa Desemba 1891. Mu 1906 ikaanzishwa Union Minière du Haut-Katanga, nayo ikatafuta wafanyakazi mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Urundi. Watu wa lugha nyingi wakakutana mu kambi za kazi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya misa na ya soko. Profesa Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mu 1968. Johannes Fabian, aliyefanya uchunguzi wake mu Katanga, alitoa kitabu mu 1986 akionyesha namna lugha hii ilivyopita mikononi mwa kampuni, mwa wamisionari na mwa serikali ya kikoloni. Na mu 1965 André Yav alikuwa amekwisha kuandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili hiki hiki chetu, bila kumwomba mtu ruhusa ya sarufi.

Mu lugha ile, udogo haupiti kwa "ki-" na "vi-" peke yake. Unapita kwa "ka-" na "tu-". Tunasema katoto na tutoto, kamuti na tumiti. Njia hii ni ya Kiluba, ya Kisanga na ya Kibemba, lugha za wazee wetu. Kwa hiyo mwiba mdogo kwetu ni kamwiba, na midogo mingi ni tumiba. Mtu akisema "tumiba tunachoma", sarufi yake inakwenda sawa na saa. Kila kiungo cha sentensi kimefuata mwenzake. Si kosa. Ni sheria nyingine.

Tena alilisema mara mbili: tumiba-tumiba. Kurudisha neno mara mbili ni desturi ya Kiswahili chote, ya pwani na ya huku: polepole, kidogo-kidogo. Mtoto hakusema kwamba miguu ina miba. Alisema inamfanya tumiba-tumiba: vitu vingi, vidogo, haviko mahali pamoja, vinakuja na kupotea. Tujaribu kulisema lile kwa maneno mengine, tutaona tutahitaji mistari mitatu.

Miba ya kila siku

Sasa tuangalie neno hili linavyoishi mu nyumba zetu, kwa sababu neno halikai ndani ya kamusi, linakaa mezani.

Mahali pa kwanza mtoto wa Kolwezi anapofundishwa neno "miba" si porini. Ni mbele ya sahani. Samaki wa ziwa Nzilo anawekwa kando ya bukari, na mama anasema, "Angalia miba!" Ukikosa kuangalia, mwiba unashika mu koo, na dawa ya nyumbani inajulikana: tonge kubwa la bukari, meza bila kutafuna. Waganga hawaipendi dawa hiyo, wanasema inaweza kuusukuma mwiba ndani zaidi, lakini ni nani kati yetu hajaimeza? Ndakala peke yake anasamehewa, maana miba yake inaliwa pamoja naye.

Mahali pa pili ni asali. Mu pori letu la miombo watu wanarina asali tangu zamani. Nyuki akichoma, mwiba wake unabaki mu ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na nyuki mwenyewe anakufa. Wazee wanafundisha kuutosha haraka. Hapa mwiba si kitu cha mti tena, ni silaha ya mnyama.

Mahali pa tatu ni waya. Mji wetu umejaa nyua na makonsesioni, na ile waya tunaiita waya ya miba. Watoto wadogo wanaijua mbele ya kuujua mti wowote wenye miba. Suruali zao zinaonyesha.

Mahali pa ine ni kanisani. Mbegu ya mpanzi iliyoanguka kati ya miba, taji la Ijumaa Kuu, na ule mwiba wa mtume Paulo ndani ya mwili, ambao watu wa theolojia wanaugombania mpaka leo kujua ulikuwa ugonjwa gani. Tuangalie vizuri: Paulo mwenyewe alilitumia jina la kitu kwa kutaja mateso anayoyasikia. Hakuna aliyemkata pointi.

Na kuna mahali pa tano, pa kuchekesha kidogo. Kampuni ya almasi ya Mbuji-Mayi, Minière de Bakwanga, kwa ufupi inaitwa MIBA. Mtu wa Kiswahili akisikia kwamba fulani "alitumika ku MIBA", sikio lake linasikia ku miba. Jamaa nyingi za Kolwezi zina ndugu kule. Baadhi yao walifukuzwa hapa mu miaka ya 1992 mpaka 1994, wakapanda treni na mizigo yao mpaka Kasai. Kwao mchezo huo wa maneno haukuchekesha kabisa.

Tuongeze neno lingine lililo jirani. Kile wanachokiita "sindano" mu vitabu, huku tunakiita "shindano", kwa sababu ulimi wetu unapenda "shi" kuliko "si". Mtu wa Dar es Salaam akisikia mgonjwa wa Kolwezi amekwenda "kupigwa shindano", atafikiri alikwenda kushindana na mtu, kumbe alikwenda dispansere. Na yeye akisema "nimechomwa", hatutajua mara moja kama ni moto ao ni sindano, maana kitendo "kuchoma" kinabeba vyote viwili, kuunguza na kutoboa. Ni akili ya lugha. Aliyechomwa na mwiba anajua kwamba mahali pale panakuwa na moto.

Ganzi si tumiba

Turudi kwa mtoto wetu na kwa jibu lake: "Haikufi. Njo inaamuka."

Alikuwa na haki, na haki yake ni ya mwili kama ni ya lugha. Ukikalia mguu, unaubana mshipa wa fahamu pamoja na damu yake. Habari haipiti. Mguu unakuwa sawa kipande cha muti: hiyo ni ganzi. Ukisimama, mshipa unafunguliwa, unaanza kutuma habari nyingi kwa fujo, na hapo unasikia kuchomwa-chomwa. Ganzi ni kimya. Tumiba ni kelele. Moja ni kutosikia, lingine ni kusikia kupita kiasi. Mtu anayeandika moja mahali pa lingine amegeuza sentensi yote kichwa chini.

Mataifa mengine yanalijua jambo hili, na kila moja limechukua mfano wake. Wafaransa wanasema wana sisimizi ndani ya miguu. Waingereza wanasema ni pini na sindano. Na sikio la pwani linapata ukaribu kati ya "kusisimka" na "sisimizi". Hatusemi kwamba neno moja limezaa lingine, tunasema tu kwamba yanasikika kama ndugu. Huku kwetu mtoto alichukua mwiba. Kwa mguu unaotembea bila kiatu, ni nani atamlaumu?

Pengine msomaji atauliza: tofauti hii ina faida gani? Twende dispansere, tutaiona. Mgonjwa wa ukoma anaweza kuwa na alama mu ngozi ambayo haisikii kitu, hata ukiigusa na sindano. Hiyo ni ganzi ya kweli, na mwuguzi akiisikia anapaswa kushituka. Mgonjwa wa kisukari mara nyingi anaanza kwa kusikia kuchomwa-chomwa mu nyayo, mbele ya kufika siku atakapokanyaga msumari bila kujua. Mtu anayekunywa dawa ya kifua kikuu inayoitwa isoniazidi anaweza kusikia mambo hayo hayo mikononi na miguuni, na waganga wanamwongezea vitamini B6 kusudi kumkinga. Mlevi wa muda mrefu anayekosa vitamini B1 anaweza kuyasikia pia. Na wale waliotoboa mawe kwa mashini ya upepo wana hadithi yao: tangu 1918 mganga Alice Hamilton alichunguza wachonga mawe wa Bedford, kule Indiana, Marekani, akaonyesha namna nyundo za upepo zilivyofanya vidole vyao viwe vyeupe, vife ganzi na kuchomwa-chomwa.

Basi mama mzee akiingia na kusema kwa mwuguzi "nasikia tumiba", mwuguzi aliyesoma kwa Kifaransa ataandika neno lake la Kifaransa mu karatasi. Ni vizuri. Lakini kama yule mama alifundishwa na mwalimu kama sisi kwamba "tumiba" si Kiswahili, atasema "ganzi", ao atanyamaza. Na mwuguzi ataandika kitu kingine. Neno lililofutwa mu daftari linaweza kupotea mu fishi ya mgonjwa.

Mwiba wa kujidunga

Kuna methali ya pwani inayopendwa sana na wakubwa: mwiba wa kujidunga hauna kilio. Maana yake, aliyejiumiza mwenyewe asilie, asiombe pole. Methali ni nzuri kwa mtu mzima aliyekopa pesa akanywa pombe. Lakini tunaisikia pia, ao fikira yake, watu wanaposema juu ya wachimbaji, juu ya wanawake wanaoosha mawe, juu ya watoto mtoni: wamejitakia, nani aliwaambia waende? Sisi tunapinga matumizi hayo. Ni hapo lawama yetu inakuwa nzito kuliko habari ya sarufi.

Tuangalie mji wetu. Mu 2014, mu kartie ya Kasulo, mkaaji mmoja alichimba kwake akakuta madini ya kobalti, na muda si muda watu wakaanza kuchimba mu viwanja na hata chini ya nyumba. Mu 2017 sehemu ya kartie ile ilitolewa kwa kampuni, jamaa zikahamishwa, ukuta ukajengwa. Januari 2016 shirika la Amnesty International lilikuwa limetangaza taarifa yake juu ya uchimbaji wa kobalti huku kwetu, na watoto walikuwa ndani ya taarifa ile. Na mu 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo yao juu ya Kasulo: watoto walioishi pale walikuwa na kobalti mu mkojo mara kumi kuliko watoto walioishi mahali pengine. Watoto hao hawakujidunga. Walikuwa wanaishi kwao.

Hatusemi kwamba miguu ya mwanafunzi wetu ilikuwa na ugonjwa wa kobalti. Sisi si waganga. Inajulikana kwamba kobalti inaweza kuwasha ngozi ya watu wengine. Inajulikana pia kwamba maji ya baridi peke yake, saa nyingi, yanatosha kuleta ganzi, na tumiba nyuma yake. Hatujui ilikuwa nini. Na sababu ya kutojua ni hii: hatukumwuliza. Mtoto aliandika, kwa karatasi iliyotiwa jina lake, kwamba anaosha mawe mtoni na kwamba miguu inamfanya vibaya mpaka mangaribi. Sisi tuliona kosa la ngeli.

Wanaotupinga

Wenzetu walimu tuliowasomea maneno haya walitupinga, na si kwa ubaya. Walisema: kama kila mji unaandika Kiswahili chake, tutaelewana namna gani? Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022. SADC ilikipokea Kiswahili kama lugha yake rasmi mu 2019. UNESCO iliamua mu 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni siku ya Kiswahili duniani. Huu ni wakati wa kujifunza Kiswahili sanifu, si wakati wa kusifu "mu mayi".

Tunakubali sehemu kubwa. Mwanafunzi wetu akienda kesho Kigoma ao Dar es Salaam, atahitaji "majini", atahitaji "sindano", atahitaji kujua kwamba "kijiba" kule ni jambo la wivu. Tungemkosea kama hatukumfundisha. Katiba yetu ya 2006 inaitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na lugha ya taifa inahitaji vitabu, na vitabu vinahitaji sheria.

Lakini kufundisha neno jipya si lazima kuua lile la zamani. Njia ya kwanza ni kuandika pembeni: "pwani wanasema inasisimka, wewe umesema tumiba-tumiba, eleza tofauti." Hiyo ni kazi ya mwalimu. Njia ya pili ni kufuta. Hiyo ni kazi ya karani. Tena nani amesema mlango unafunguka upande mmoja tu? Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya lugha ya mji mmoja, ile ya Unguja, na kikaendelea kupokea maneno ya Kiarabu, ya Kireno, ya Kihindi na ya Kiingereza. Kama kamusi ya kesho inataka kuwa kamusi ya Jumuiya yote, haiwezi kuwaacha nje watu wa Lualaba na Katanga ya Juu, ambao wanakisema lugha hii kila siku, tena wengi wao hawana lugha nyingine ya nyumbani. "Tumiba" likiingia mle, na alama ndogo ya kusema kwamba ni la Kongo, hakuna atakayeumia.

Kwa kumaliza

Pwani wanasema pia kwamba mwiba unatokea pale ulipoingilia. Sisi mwiba wetu uliingilia mu karatasi ya mtoto, na ndiyo maana tumeandika karatasi hii.

Wiki iliyofuata tulimwita, tukamrudishia pointi zake mbili mbele ya wenzake, tukaeleza darasa kwamba mwalimu alikosa. Walipiga mikono. Tulirudi nyumbani na furaha. Ulizo la miguu lilitujia nyuma, muhula ukiwa umekwisha, na alipofika mwaka mpya wa masomo mtoto hakuwa tena mu orodha yetu. Wenzake walisema jamaa imehama. Pointi tulirudisha, ulizo hatukuuliza.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji mambo mawili. La kwanza ni la walimu: mbele ya kusahihisha neno la mtoto, tulisome kwanza kama habari. La pili ni la wote: mkiwa na wazee nyumbani, waulizeni namna wanavyotaja mambo ya mwili, tumiba, ganzi, kuwashwa, kuchomwa, kila mmoja mu lugha yake, Kisanga, Kiluba, Kilunda, Kichokwe, Kindembo, na mu Kiswahili chetu. Andikeni maneno yale na mfano mmoja-mmoja. Mkiona tumekosa mahali, mtusahihishe. Wino mwekundu, safari hii, tunauachia ninyi.